Malika Iko

Gari yangu inanuka makayabu, sikatai. Samaki wa chumvi ndio wanaonilisha mimi na watoto, na hiace inayowabeba kutoka bandarini mpaka sokoni haiwezi kunuka marashi, hata uiogeshe na sabuni ya bibi harusi. Kwa hiyo asubuhi ile shule ilipoomba wazazi wenye magari wawapeleke watoto uwanja wa Bangboka kuona ndege ikitua, niliwaambia wale walioziba pua mlangoni kwangu:

"Vuteni vizuri, hiyo ni chakula ya bure."

Wakacheka, wakaingia.

Wazazi tuliojitokeza tulikuwa wawili. Mimi, na Papa Apollinaire, mtu wa ofisi, mwenye gari, jipu mpya ambayo viti vyake vya ngozi, rangi ya maziwa, bado vilikuwa ndani ya nailoni ya dukani. Binti yake anaitwa Malika. Na katika darasa lile lile kuna Malika mwingine, ndoyi wake wa jina, binti ya Asumani fundi cherehani. Kwetu baba huitwa kwa jina la mtoto wake, basi hapo shuleni tukawa na Papa Malika wawili. Niliwatenganisha mwenyewe: huyu Papa Malika ya Jipu, yule Papa Malika ya Mashini. Asumani alicheka mpaka akashika mbavu. Mwenzake alitazama saa.

Kabla hatujaondoka Asumani alikuja dirishani kwangu, utepe wake wa kupimia ukining'inia shingoni. Alimfunga binti yake kitambaa vizuri kichwani, kisha akaweka kiganja juu ya mlango.

"Mama Néhémie, mutoto huyu, gari inamuchafuaka roho. Umuangalie."

Nikamjibu kwamba nitamwangalia kuliko makayabu yangu, na makayabu yangu hata inzi wanaomba ruhusa. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu unatangulia. Lakini lile nililisema kwa moyo.

Malika alitapika tulipokaribia uwanja wa ndege. Alijitahidi, maskini, akatoa kichwa dirishani, lakini gauni lilipata sehemu yake. Metresi Olga, mwalimu wao, aliyekuwa amekaa mbele pamoja nami, alimpeleka kwenye bomba karibu na ukuta akamnawisha. Watoto wakaona ndege yao ikitua, wakapiga kelele, wakabishana kama rubani anaruhusiwa kulala. Siku ilikuwa nzuri.

Wakati wa kurudi Metresi Olga akaona afadhali Malika aingie jipu, mle hakuna harufu na hewa ni ya baridi. Nikakubali. Nilimshika mtoto bega, nikamwonyesha jipu, nikamwambia aende akalale humo kama bibi ya jenerali. Akatabasamu. Nikamwona anakwenda. Kisha mwanangu Néhémie na wenzake wakaanza kugombania dirisha, nikageuka kuwaamua. Nilipowasha gari, Metresi Olga alitoa kichwa nje akaita kuelekea jipu:

"Malika iko?"

Papa Apollinaire akainua mkono. "Iko."

Tukaondoka.

Sasa, neno hili iko, kwetu Kisangani linafanya kazi zote. Chumvi iko, mvua iko, mgonjwa iko, Mungu iko. Halisemi nani, halisemi wapi. Nimelitumia tangu utotoni bila kulifikiria, kama mtu anavyotumia goti lake.

Tulipofika shuleni Asumani alikuwa getini, nyuzi zimemshika suruali. Alichungulia kwangu, akaona watoto wanashuka, wa kwake hayupo. Nikamwambia kwa furaha binti yake leo amepanda cheo, amuulizie kwenye jipu. Jipu ikasimama. Mlango ukafunguliwa. Akashuka Malika ya Jipu, soksi nyeupe, mkononi ndege ya karatasi. Nyuma yake wakashuka wengine, kisha mlango ukafungwa.

Asumani aliufungua tena, mwenyewe. Aliinama mpaka chini ya viti.

Papa Apollinaire alianza kwa Kifaransa. Alipoona Kifaransa hakimsaidii, akaingia Kiswahili. Alisema ndiyo, yule mtoto alikuja kwake. Alimwambia arudi kwenye gari yake. Alikuwa amelowa na alinuka, na viti, donc, tunaviona wenyewe. Alidhani amerudi kwangu.

"Na Metresi alipokuuliza?" nikasema.

"Aliuliza Malika iko. Malika alikuwa ndani ya gari. Nilisema uongo wapi?"

Ndugu msomaji, mimi mto umenimezea mzigo wa miezi. Askari amewahi kunipiga kofi kwa sababu nilimuuliza kama koti lile ni lake au ameazima. Siku zote hizo, kufika jioni nilikuwa nimepata la kuchekea. Pale kwenye geti nilitafuta kicheko tumboni, nikakuta moto. Mtu huyu alijitolea kubeba watoto wa watu. Hakuna aliyemlazimisha. Na katika gari nzima alikuwa amebeba mtoto mmoja, wengine walikuwa vumbi lililoingia pamoja naye.

Direktrisi wa shule, Mama Emérence, alitoka akatuomba tusipaze sauti, tuingie ofisini, tukae, tupige simu. Nilimwambia akae yeye, kwa niaba yetu. Kisha nikamgeukia yule bwana.

"Wewe usitoke hapa. Ukitoka, nitaleta makayabu mpaka kwenye hiyo kiti ya maziwa, na nitaikalia."

 Asumani alipanda hiace yangu, akafunga mkanda, akaangalia mbele. Niliendesha nikitukana: barabara, mashimo, pikipiki, ngozi ya viti na ng'ombe aliyeitoa. Nilijitukana na mimi, maana niligeuza shingo kabla mtoto hajafunga mlango. Mwishowe akaweka mkono wake juu ya dashibodi.

"Mama Néhémie, endesha tu. Hasira tutaikuta palepale."

Nikakanyaga mafuta. Ilikuwa njia ndefu kuliko ya asubuhi. Mawazo yangu yalitangulia gari, yakafika, yakakuta mahali patupu, yakarudi, yakatangulia tena.

Mtoto alikuwa palepale kwenye bomba. Muuza karanga mmoja alikuwa amemkalisha kwenye kigoda chake na kumpa karanga ambazo hakuzigusa. Muuzaji alisema amemzuia mara nyingi, lakini kila akigeuka mtoto anarudi majini. Malika alikuwa amelowa kutoka kitambaa mpaka viatu. Vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo.

Asumani alipiga magoti kwenye tope. Hakumkumbatia kwanza. Alimpapasa mabega, mikono, kichwa, kama anampima nguo. Kisha akamuuliza polepole ilikuwaje.

"Tonton ya jipu aliita Malika," mtoto akasema. "Nikasema niko. Akasema siyo wewe." Akavuta kamasi. "Nikajua ni juu ninanuka. Nikarudi kunawa."

Nilikwenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Niliangalia kwa muda.

Njiani alikaa mapajani mwa baba yake, na safari hii hakutapika. Asumani alimnusa utosi mara kwa mara, wazi kabisa, ili amwone akifanya hivyo.

Papa Apollinaire alikuwa bado pale getini. Ameegemea jipu, binti yake nyuma, dirisha wazi. Alikuwa amenunua biskuti, paketi kubwa. Alipotuona aliachia pumzi, nadhani ilikuwa ya kweli, akaja amenyoosha mkono.

"Bon. Mungu iko. Mutoto amepatikana, alors yamekwisha."

Nikasimama kati yake na mkono wa Asumani.

"Hayajakwisha. Muite."

"Nimuite nani?"

"Mutoto uliyemuacha. Jina lake unalijua, unalitumia kila siku nyumbani kwako. Muite na mdomo uleule, aje kuchukua biskuti yake."

Wazazi waliokuwa wakichelewa kuondoka wakachelewa zaidi. Direktrisi alisema Mama Néhémie, pole pole. Papa Apollinaire alicheka kidogo, peke yake. Aliangalia watu, akaangalia paketi, mwisho akamwangalia mtoto. Naamini ilikuwa mara ya kwanza.

"Malika," akaita.

Binti ya fundi alizama nyuma ya suruali ya baba yake. Hakuitika. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye kitambaa chake, tone kwa tone, juu ya kiatu cha Asumani.

Kutoka ndani ya jipu ikaja sauti ndogo, ya mtoto aliyefundishwa adabu:

"Niko, papa."

Papa Apollinaire akageuka. Niliona mdomo wake unafunguka, na neno la kwanza, lile alilomwambia mwenzake, linafika kwenye meno. Siyo. Likakaa hapo. Hakuna aliyemsaidia kulitoa, wala kulimeza.

Mlango wa jipu ulifunguliwa. Malika alishuka na soksi zake nyeupe, akapita kati yetu, akasimama mbele ya baba yake, ndege ya karatasi mkononi.

"Umeniita, papa?"