Meno ya Juu, Upande wa Ndani

Fundi wa mapazia alikuwa na tabia moja iliyomkera wifi yake tangu waanze kushona pamoja: mkasi uko mezani, yeye anakata uzi kwa meno.

"Siku moja utakuja kula pazia la watu," wifi alikuwa akimwambia.

Asubuhi moja alikata uzi, akahisi kitu kama chembe ya mchanga ulimini. Akakitemea kiganjani. Ilikuwa ncha ya jino lake la mbele.

"Leo nimeshinda kesi," wifi alisema. Kisha akamwangalia vizuri usoni, akaacha utani. Alifunga duka, akamshika mkono, wakapanda ngazi hadi kliniki ya meno iliyokuwa juu ya duka la dawa.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alivuta taa, akaingiza kioo kidogo mdomoni mwa fundi, akatazama kwa muda mrefu.

"Maji baridi yanakuuma?"

"Yananiuma. Hata chai. Hata upepo."

"Wewe ni mtu wa ndimu? Soda?"

"Hapana."

Daktari alimpa kioo cha mkononi ajionee. Meno ya juu, upande wa ndani unaotazama ulimi, yalikuwa yamelika, laini na ya manjano kama kipande cha sabuni kilichotumika.

"Lile gamba gumu linalofunika jino, enameli, limeondoka hapa. Uzi umemalizia tu. Hii ni kazi ya asidi ya tumboni. Ulikuwa unatapika sana?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Ujauzito?" Uso wa daktari ulikunjuka. "Basi hongera, mwanangu! Mtoto hajambo?"

Mashine ya kunyonya mate ilivuma peke yake. Wifi, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alitazama sakafu.

"Alizaliwa ameshakufa," fundi alisema.

Daktari alizima mashine. "Pole, mwanangu. Pole sana. Nisamehe."

Mimba ile yeye na mumewe waliisubiri mpaka watu wakachoka kuuliza. Ilipoingia, ilimtapisha tangu mwanzo, asubuhi na jioni, naye alifurahi, kwa sababu mama yake alimwambia mimba inayosumbua ndiyo iliyoshika. Kila akitapika alipiga mswaki kwa nguvu, akarudi kwenye cherehani akitabasamu. Baada ya maziko, ndugu walifanya walichojua. Mama mkwe alikibeba kitanda kidogo cha mtoto, akaenda nacho. Nguo ziligawiwa. "Utapata mwingine," walisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mumewe, fundi vigae, alirudi kazini, na nyumbani akawa anaongea habari za vigae tu.

"Nitayapaka floraidi," daktari alieleza. "Inayasaidia meno kushika madini na kustahimili asidi. Halafu nitayapiga mwanga wa leza, juu juu tu. Vikienda pamoja, jino huwa gumu zaidi kuyeyushwa."

"Yatarudi kama zamani?"

"Yaliyolika hayarudi. Tunalinda yaliyobaki. Ila upande wa ndani naweza kuujazia, usione tena kasoro."

"Hapo paache kwanza, daktari."

"Kwa nini?"

Fundi alisita. "Vya mtoto vyote wameviondoa. Hapa ndipo pamebaki."

Daktari alivuta trei ya vifaa. "Basi nitajenga hii ncha iliyovunjika. Ndani tutalinda bila kufunika. Yakizidi kuuma, utakuja tuongee upya."

Alimvika miwani ya kukinga macho, akaanza. Katikati ya kazi aliona machozi yakitiririka chini ya miwani kuelekea masikioni. Alisimamisha kifaa, akasubiri, akayafuta kwa pamba, kisha akaendelea.

Alipomaliza, alimwonya: "Ukitapika, usipige mswaki papo hapo. Asidi inakuwa imelilainisha jino, na mswaki unalikwangua. Sukutua kwa maji, usubiri."

"Kumbe nilikuwa nayasugua mwenyewe."

"Hukujua. Na hakuna aliyekwambia."

Walishuka ngazi wakiwa wameshikana mikono. Walipofika mlangoni pa duka wifi alimkumbatia, wote wawili wakalia mbele ya mteja aliyekuja kuulizia pazia la sebule.

Jioni mumewe alirudi na saruji magotini. Fundi alimweleza yote, mpaka upande aliokataa kujaziwa. Mume alitoa simu, akawasha tochi.

"Nionyeshe."

Fundi alifungua mdomo karibu na dirisha. Mume alitazama, akaisogeza tochi karibu.

"Mimi mtoto wetu sikumwona," alisema mwishowe. "Ndugu waliniambia nisiingie kumtazama, nitaumia bure. Nikatii kama mtoto. Nawe niliogopa kukuuliza."

"Alikuwa na masikio yako. Yamejikunja hapa juu."

Mume alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye vumbi. Fundi alikaa karibu naye. Maji ya kuoga aliyomwekea yalikuwa yakipoa.

"Na nywele?" mume aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nyingi. Nyeusi tii."

"Na vidole?"

Akamweleza vidole.