Baiskeli ya Mkia Mfupi

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na jina lake jingine walishalisahau. Alikuwa mwanamke wa kilo themanini na tano, fundi wa mageti na madirisha ya nondo, mwenye mdomo mkali kuliko grenda. Alishawahi kuchomelea juu ya ghorofa ya tatu, mguu mmoja hewani, huku akimgombeza aliye chini kwa kumcheleweshea nondo. Mtu wa namna hiyo ukiambiwa ni mwoga utacheka. Basi usicheke. Asubuhi ile aliogopa mpaka chai ikamshinda kumeza, na kilichomtisha kilikuwa kimening'inia mbele yake kwenye ndoano, kimepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la shule. Ilikuwa fremu ya baiskeli ya bintiye.

Binti huyo, wa miaka kumi na tisa, alipewa jina la Kiroboto kwa sababu alikuwa mdogo wa mwili na hakukipita kitu bila kukiruka, iwe mtaro, kreti au mbwa aliyejilalia zake. Alishindana na wenzake kuteremka milima kwa baiskeli. Ile ya zamani ilipomfia hakwenda dukani, alikwenda kwa mama yake.

"Nataka ya chuma, Mama. Mbele iwe na shokapu, nyuma chuma kitupu. Na mkia uwe mfupi."

"Mkia? Nakutengenezea baiskeli au mjusi?"

Mkia ni yale mabomba mawili ya chini yanayotoka kwenye pedeli kwenda kushika gurudumu la nyuma. Kiroboto alieleza kwa mikono, maana huyo hajui kueleza akiwa ametulia. Mabomba yakiwa mafupi, gurudumu linaingia chini ya mpandaji. Akivuta usukani kidogo tu, mbele inanyanyuka, na kwenye kona baiskeli inageuka bila kubembelezwa. Za dukani zilikuwa na mkia wa sentimeta arobaini na nne na nusu. Yeye alitaka arobaini na moja.

Sentimeta tatu na nusu kwenye geti si kitu, unapiga nyundo yanaisha. Kwenye baiskeli ni vita. Tairi linagusa bomba upande huu, meno ya cheni yanagusa upande ule, na katikati hakuna nafasi hata ya kupitisha kidole. Wiki nzima Cheche alibana mabomba kwenye jiliwa ili yabonyee kidogo pale tairi linapopita. Mawili yakapasuka, akayatupa. Jirani yake, fundi baiskeli, aliyekuwa pia mdogo wa mumewe, alikuja kuchungulia kila siku. Yeye ni Shemeji, na utani wa shemeji mnaujua.

"Shemeji, hili ni geti lenye magurudumu?"

"Afadhali lingekuwa geti. Lingekuzuia usiingie hapa kila saa ya chai."

Basi kosa lilitokea juzi yake, saa tisa alasiri, na lilikuwa kosa la fundi geti hasa. Bomba la geti huzibwa kila upande, lisinywe mvua likaoza kwa ndani. Kwa miaka ishirini na miwili mkono wa Cheche ulizoea kuziba. Akaliziba bomba la kulia upande wa gurudumu, kisha akawasha gesi kuliunga kwa shaba ya kuyeyusha upande wa pedeli. Hewa iliyofungiwa ndani ikapata moto, ikatafuta pa kutokea, ikaona shaba bado ni uji. Tsss! Kikabaki kitundu cha kuingia ncha ya pini. Akakijaza. Tsss! Akakijaza tena. Mara ya tatu pakanyamaza. Akapitisha grenda, akapiga msasa, akapaka rangi, kiungo kikang'aa ungedhani kimetoka kiwandani.

Halafu, kama wafanyavyo wote ili cheni isilipige bomba, akalizungushia mpira wa ndani wa tairi kuukuu. Mpira ule ulikuwa na kazi yake halali. Lakini Cheche alijua ameanza kuuzungusha wapi na kwa nini.

Kwa nini hakusema? Eti kwa nini! Mageti zaidi ya mia tano yalitoka kwenye karakana ile na hakuna lililorudi kwa kiungo kuachia. Alikuwa akiwaambia watu hivyo hata wasipouliza. Na Shemeji akijua leo, kesho kinyozi anajua, na keshokutwa wateja wanamsalimu huku wanacheka. Akajisemea, kimeziba, si kimeziba? Mficha maradhi kifo humuumbua, na Cheche aliijua methali hiyo tangu utotoni. Ubaya ni kwamba kifo hiki hakikuwa kikimtafuta yeye.

Shemeji alifika na magurudumu aliyoyafunga spoki mwenyewe, na saa nne baiskeli ilikuwa imesimama sakafuni. Ilikuwa nzuri, jamani. Fupi nyuma, ndefu mbele. Kiroboto aliizunguka mara tatu, kisha akamkumbatia mama yake kwa nguvu.

"Vaa helmeti," Cheche alisema.

"Hatujafika hata mlimani!"

"Nimesema vaa."

Akamfunga mkanda wa helmeti kidevuni mwenyewe. Akaufungua, akaufunga tena. Kiroboto akadhani ni furaha.

Mlima wenyewe ulikuwa nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, dakika ishirini kwa miguu. Njia ilianzia juu kwenye nyasi, ikapinda mara nne katikati ya mawe, halafu ikafika penye jiwe bapa lenye kimo cha kufika kifuani mwa mtu mzima. Waliliita Meza. Ukiliruka unatua kwenye mteremko mkali wa changarawe, na ukitua vibaya unaokotwa. Cheche alilipima jiwe lile kwa macho.

Juu kwenye nyasi, Kiroboto alikuwa ameshapandisha mguu mmoja Shemeji alipomshika bega.

"Ngoja. Kwangu mimi aliyeshika moto ndiye anayetangulia. Sijawahi kumpa mteja baiskeli ambayo fundi wake hajaipanda."

"Nani, Mama?" Kiroboto alikaribia kuanguka kwa kicheko. "Mama alianguka na baiskeli akiwa darasa la tatu. Mpaka leo akiiona imeegeshwa, anaizunguka kwa mbali!"

"Basi aseme haiamini kazi yake, tuelewe."

Shemeji alikuwa akitania. Mtu wa watu hakujua amekanyaga wapi. Cheche alifungua mdomo aseme, na maneno yote yalikuwapo, pale pale kwenye ulimi. Kikatoka kitu kingine.

"Lete hapa!"

Akapanda. Kukanyaga pedeli mara moja tu, mbele ikanyanyuka, akapiga ukelele uliofukuza ndege wote wa machimbo. Kiroboto alisema kweli, mkia mfupi hauna mchezo. Akajilaza juu ya usukani, akashika breki zote mbili, akaanza kushuka kwa mwendo wa kinyonga. Hakuogopa kuanguka, hilo aligundua kwenye kona ya kwanza na likamshangaza. Alikuwa akisikiliza.

Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, gurudumu la nyuma likagonga jiwe, na chini ya mguu wake wa kulia kitu kikasema tik.

Labda ni cheni. Labda ni spoki mpya zinajipanga, spoki hufanya hivyo. Akakanyaga pedeli. Tik. Akaacha kukanyaga. Kimya. Akakanyaga tena. Tik.

Meza hakuiruka, alipita kando yake kwenye njia ya mbuzi na akafika chini mzima. Huko juu Kiroboto alikuwa akipiga vigelegele. Akateremka mbio, akambusu mama yake shavuni na kuichukua baiskeli.

"Kilo themanini na tano, na haikulia hata kidogo! Mimi nina arobaini na nane. Leo Meza itanijua!"

"Subiri, mwanangu…"

"Nini?"

Sasa, hapo ndipo pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, Shemeji alikuwa bado juu. Cheche alimtazama bintiye, uso umejaa jua na jasho, akasema:

"Kunywa maji kwanza."

Namchukia kwa jibu hilo. Yeye pia alijichukia. Kiroboto akanywa, akapachika baiskeli begani, na akapanda mlima akiimba.

Cheche alibaki kwenye changarawe. Alijaribu kufanya hesabu za kujidanganya: kiungo kimenibeba mimi, kitambeba yeye. Lakini mimi sikuruka. Labda ni cheni. Cheni ingelia mfululizo, si tik moja kwa kila mkanyago. Halafu akaona helmeti nyekundu imefika kule juu kwenye nyasi, ndogo kama kifungo cha shati, na ghafla zile hesabu zote zikamtoka, akabaki na hofu tupu.

"Kirobotoo! Usije! Shuka kwa miguu!"

Kiroboto akanyanyua dole gumba. Upepo ulikuwa ukimwendea mama, sauti haikufika juu.

Cheche akakimbia. Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akikimbia kupanda mlima kwa ajili ya mwanawe, si jambo la kutazama. Alipanda njia ya mbuzi kwa mikono na magoti, kiatu kimoja kikabaki nyuma, pumzi ikimkata. Alisikia tairi zinakwaruza kona ya kwanza. Akasikia ya pili. Akajivuta juu ya Meza kwa tumbo, akasimama katikati ya njia na kutanua mikono, na wakati huohuo Kiroboto akatokea kwenye kona ya mwisho, amekwisha kuinama tayari kwa kuruka.

"Mamaaa! Toka!"

Hakutoka. Alifumba macho.

Breki zililia. Kokoto zikamrukia miguuni, kitu kizito kikaburuzika, kikagonga jiwe. Alipofumbua macho, Kiroboto alikuwa chini kwa ubavu, nusu hatua kutoka ukingoni, kiwiko kinavuja damu, na baiskeli imemlalia. Yuko hai! Ana hasira, basi yuko hai.

"Una wazimu? Unataka kuniua?"

Cheche akapiga magoti, akatoa kisu cha kazi mfukoni, akaupasua ule mpira na kuuvua. Kwenye rangi ya kijani, pale bomba linapoungana na pedeli, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Shemeji alifika akihema. Aliutazama mstari ule, akaisimamisha baiskeli, akaweka mguu kwenye pedeli na kuisukuma kidogo tu. Kiungo kikafunguka mdomo. Ndani palionekana shaba imejaa vitundu.

Shemeji hakutania. Aliangalia ukingo wa Meza, akaangalia chini kwenye changarawe, kisha akaondoa mguu wake taratibu.

"Shemeji, hukuliachia bomba tundu la kupumulia?"

"Sikuliachia."

"Ulijua kwamba limetoboka?" Huyo alikuwa Kiroboto.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Damu ya kiwiko cha Kiroboto ilikuwa ikidondoka kwenye jiwe naye haifuti.

"Asubuhi ulinifunga mkanda wa helmeti," alisema. "Mara mbili."

"Nilikufunga."

Kiroboto akaufungua mkanda ule, akamwekea mama yake helmeti mapajani, na kushuka mlima peke yake. Shemeji ndiye aliyebeba baiskeli. Cheche alirudi nyumbani na kiatu kimoja.

Siku nane Kiroboto hakuja karakanani. Nyumbani alisalimia, alikula, aliosha sahani yake, akaingia chumbani. Cheche alikuwa radhi atukanwe. Aliliuza geti moja kwa mdomo mpole mpaka mteja akamwuliza kama anaumwa. Kila aliyeingia alionyeshwa kile kiungo kilichopasuka, kimepigiliwa misumari juu ya mlango, na kuambiwa ni kazi ya nani. Kinyozi alikuja kukiona, akacheka, akaondoka. Haikumuuma kama alivyodhani itamuuma.

Siku ya tisa alikuwa ameliweka bomba jipya kwenye jiliwa na drili mkononi mlango ulipotiwa kivuli. Kiroboto aliingia bila kusalimia. Akachukua miwani myeusi ya pili ukutani, akavuta kigoda mpaka karibu kabisa na moto, akakaa.

Cheche alitoboa tundu, akampa bomba alishike. Kiroboto alilipuliza upande mmoja na kuweka kiganja upande wa pili mpaka akasikia upepo. Akalirudisha. Gesi ikawashwa, shaba ikaanza kulainika, na mara ikasikika: tsss.

Cheche aliruka, nusura aangushe moto.

"Nini hiyo?" Kiroboto aliuliza.

"Hewa. Inatokea tunduni. Safari hii ndivyo inavyotakiwa."

"Na isipokuwa inavyotakiwa?"

"Nitakwambia."

"Lini?"

"Hapo hapo."

Kiroboto akasogeza kigoda karibu zaidi, akashusha miwani machoni.

"Endelea," alisema. "Nakutazama."