Ufuo Usio na Mtu

Madam Hilwa aliiweka simu yake mezani, kati ya bakuli la zeituni na vikombe vya chai, akamwita Fortunata aje aone picha. Nyumba moja nyeupe juu ya mawe, ngazi za kushukia, na chini kabisa ufuo mdogo usio na mwavuli, wala kiti, wala mtu.

"Umeona, Fotu? Watalii wote Ugiriki wanakimbilia visiwa vile vya kwenye kalenda. Hapa boti inakuja mara tatu kwa wiki, basi."

"Pazuri sana, madam."

"Munir atatufuata wiki ya pili. Wiki ya kwanza ni sisi watatu tu. Mimi maji siyawezi, unanijua. Lakini wewe umezaliwa kisiwani. Dana ataogelea na wewe."

"Sawa, madam," alisema Fortunata. Akabeba vikombe mpaka jikoni, akafungulia bomba, kisha akasahau kuviosha.

Kweli alizaliwa kisiwani. Alizaliwa Ukerewe, na ziwa lilionekana kutoka mlangoni kwao. Lakini mamba alimchukua shangazi yake mdogo aliyekuwa akiteka maji, na tangu siku hiyo mabinti wa nyumba ile waliteka kwa ndoo yenye kamba, wamesimama juu ya jiwe, kisha wakarudi mbio. Fortunata alikuwa amefika miaka hamsini na miwili bila kuingiza mwili majini kupita vifundo vya miguu.

Miaka minne nyuma wakala wa kazi za ng'ambo alimuuliza kwa simu kama anajua kuogelea. Waliosema hapana waliambiwa wasubiri, na alijua wanavyosubiri miaka. Akasema ndiyo. Uongo ule haukuwahi kumsumbua. Mtaa wao wa Al Warqa ni nyumba na kuta tu, bahari haionekani, na kwenye mabwawa ya hoteli alikuwepo siku zote kijana wa kuokoa watu, mwenye filimbi, juu ya kiti kirefu. Yeye alikaa pembeni akashika taulo la Dana, mtoto wa madam.

Kwenye picha ile hapakuwa na kiti kirefu. Na kabla ya safari zilibaki siku tisa.

Wa kwanza kuambiwa siri hiyo alikuwa Apollo, dereva wa nyumba, Mganda mwenye maneno mengi.

"Mama Japhet! Mtu wa Ukerewe hajui maji? Basi na mimi sijui matoke!" Akacheka mpaka akaona uso wa Fortunata, akaacha. "Sikiliza, nyamaza tu. Mwambie mtoto maji yana baridi, mjenge nyumba za mchanga. Ukisema, madam ataona umemdanganya miaka minne. Khalas, kazi imekwisha, tiketi ya kurudi."

Precious, msichana wa Kenya aliyefanya kazi nyumba ya jirani, alikuwa na mawazo mengine. "Anti, si Ijumaa tuko ofu? Twende ufuo wa Mamzar nikufunze."

Wakaenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Precious alikuwa amemletea suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, bila kuombwa.

"Lala juu ya maji, Anti, kama kitanda."

"Kitanda gani hiki kinachomeza mtu?"

Walicheka wote wawili. Kisha Fortunata akainua miguu, maji yakamwingia puani, na hakujua tena juu ni wapi. Alichoshika kilikuwa shingo ya Precious, na alipokishika hakukiachia. Wakazama pamoja. Mama mmoja wa Kifilipino aliyekuwa akimwogesha mwanawe karibu nao aliwafikia, akampenyeza Fortunata mikono makwapani, akamsimamisha. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Yule mama hakucheka. Alimpangusa Fortunata uso kwa kiganja, kama mtu amjuaye, akarudi kwa mwanawe.

Shingoni mwa Precious palikuwa na alama nne za kucha, nyekundu.

"Si kitu, Anti. Tujaribu tena."

Fortunata hakuondoa macho kwenye zile alama. Shingo ya Dana ilikuwa nyembamba kuliko hii. Mtoto alikuwa na miaka sita.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nimeshajifunza."

Aliporudi alimkuta madam chumbani kwa mtoto, akikunja nguo mpya za kuogelea.

"Madam, mimi sijui kuogelea."

"Nini?"

"Nilimdanganya wakala. Dana akienda kwenye kina sitaweza kumtoa. Nitamshika tu, nimzamishe."

Madam Hilwa akakaa kwenye kile kitanda kidogo. "Miaka minne, Fotu. Nimelala kando ya mabwawa nimefumba macho, kwa sababu wewe upo."

"Najua, madam."

"Hujui. Tangu mama yangu afariki, nyumba hii haijakosa wageni. Kila mmoja ananitazama usoni aone kama nimepoa. Nilitaka siku saba pasipo na mtu. Saba tu."

Fortunata aliona hana haki ya kumpa pole. Akampa hata hivyo. "Pole sana, mama."

Madam akageukia ukutani. "Nenda jikoni."

Jioni sir Munir, mume wa madam, aliingia jikoni mwenyewe, akachukua glasi, akajimiminia maji. "Safari itasubiri mpaka mwisho wa Agosti, nipate likizo twende pamoja. Wewe utabaki."

"Ndiyo, sir."

"Kuhusu kazi, atakayesema ni madam, na leo hawezi." Alikunywa maji akamaliza. "Ni vizuri umesema kabla."

Fortunata akafunga begi lake, ili akiambiwa aondoke asiwacheleweshe.

Siku ya kwanza hakuambiwa kitu, wala ya pili. Siku ya tatu Dana alikuja amevaa miwani ya majini. "Fotu, kwa nini hatuendi baharini?"

"Kwa sababu yangu, mama. Sijui kuogelea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mtoto alifikiri. "Lakini wewe ni mkubwa."

"Ndiyo. Hata wakubwa wengine hawajui."

Madam Hilwa alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. Alimtazama mwanawe, kisha Fortunata.

"Naomba chai, Fotu," alisema, akaondoka.

Siku tatu hakuwa amesikia neno "naomba" kinywani mwake. Fortunata alibandika maji jikoni. Begi akaliacha chini ya kitanda, limefungwa vilevile.