Lebo ya "Za Zamani"

Baba mkwe wangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi ujana wake wote, na sasa gitaa lenyewe liko juu ya kabati, limefunikwa shuka la mtoto. Kila asubuhi hufungua redio ninayofanyia kazi, husikiliza mpaka mchana, kisha huizima. Nyimbo za bendi yao tunazo zote kituoni. Hazipigwi. Yeye kaamua tu kwamba watu wamemchoka, na mtu akishaamua hivyo hata chakula huanza kukiacha sahanini.

Kazi yangu ni maktaba ya muziki kwenye kompyuta. Niliipata kwa masomo ya jioni, niliyosoma binti yangu, Kifurushi, akiwa mgongoni. Mkuu wa vipindi alinipa nisafishe safu ya mitindo. Kila wimbo una lebo yake, rumba, rege, kwaya, na programu huchagua yenyewe cha kupiga kwa kufuata lebo hizo. Ilikuwa vurugu tupu. Mmoja kaandika "Rumba", mwingine "rhumba", mwingine "ya kucheza", mwingine "nzuri". Nikacheka peke yangu, nikaziunganisha kama ninavyokunja nguo za mtoto, soksi na mwenzake.

Ndipo nikakuta lebo ya "Za zamani". Humo zimerundikwa rumba, kwaya na chacha, kosa lao ni kuzaliwa mapema tu. Baba mkwe naye yumo. Nikatazama ratiba: hakuna kipindi kinachochota kwenye lebo hiyo. Kile cha Jumapili kilichokuwa kikichota kilishafutwa. Kumbe hakuna aliyemchoka. Hakuna aliyemwita tu.

Nikamwendea mkuu wa vipindi. Akanitania kwamba nampigia debe mkwe ili anibembelezee mtoto.

"Bosi, umri si mtindo," nikamwambia. "Mwaka una safu yake. Rumba ya juzi na rumba ya babu zinachezwa kwa miguu ileile."

Akajikuna kidevu. Akasema nifanye, ila wasikilizaji wakilalamika, simu nitapokea mwenyewe. Nikakubali bila kupepesa macho.

Juma lile nilisikiliza lebo nzima, Kifurushi mapajani, nikiurudisha kila wimbo kwa ndugu zake. Za baba mkwe nikaziweka rumba. Nilikuwa na hakika kabisa.

Siku yangu ya mapumziko nilikuwa jikoni namenya viazi, redio ikaanza. Gitaa lile. Mzee akaacha kikombe hewani, hakunywa, hakukishusha. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akasema hiyo ilikuwa rumba tamu. Nikangoja machozi. Badala yake mzee akanigeukia, uso kaukunja.

"Mwanangu, nani kawadanganya ile ni rumba?"

Nikasema ni mimi, baba.

"Ile ni chacha. Wewe unasikiliza kwa masikio au kwa viwiko?"

Akaniagiza nimshushie gitaa. Nyuzi zilikuwa zimelegea, akazikaza huku akinung'unika. Akampigia mjukuu wake rumba kwanza, kisha chacha, na Kifurushi, kashikilia stuli ili asianguke, akabadilisha kutikisa kiuno palepale mdundo ulipobadilika. Mzee akanitazama tu, kama kusema umeona. Mchana ule alikula, akaongeza.

Kesho yake nilirekebisha lebo kabla hata sijatua mkoba. Simu ya malalamiko ilikuja moja tu. Ilitoka nyumbani: kuna wimbo mwingine nimekosea.