Bunduki ya Mzee Ruwa

Nitaanza na ukweli, maana uwongo umeshasemwa wa kutosha. Babangu, Mzee Ruwa, hakuwahi kushika bunduki. Alikuwa mtu wa geti pale Changamwe, barabara inapokata reli. Kazi yake ilikuwa kushusha ule mti mweupe na mwekundu, kupeperusha bendera, na kutukanwa na madereva wa malori. Kama aliwahi kusimamisha treni, aliisimamisha kwa kitambaa chekundu. Basi.

Ndugu yangu Kai hilo halikumtosha.

Kwetu Wagiriama, watu wakikusanyika hangani kuomboleza, jamaa husimama mmoja mmoja wakamsifu marehemu. Sifa za hangani hazipimwi kwa mizani. Aliyekuwa na mbuzi watatu huambiwa alikuwa na zizi, na mlevi huambiwa alikuwa mkarimu. Hakuna anayepinga, kwa sababu kila mtu anajua kwamba siku moja naye atazika wake. Lakini hata sifa zina mpaka, na Kai hajajua mpaka ni kitu gani tangu azaliwe.

Siku tuliyomzika baba, Kai alisimama hangani alasiri, kikombe cha pombe ya mnazi mkononi. Ndege ilikuwa ikipita juu ya bati letu kuteremka uwanjani, kama zinavyopita kwetu Magongo kutwa. Akaionyesha kidole.

"Hiyo mnayoiona, babangu alikuwa akiiteremsha kwa risasi moja! Kwa gobori lake! Na treni ya mizigo aliipiga gurudumu pale Mazeras, ikalala ubavu kama ng'ombe!"

Watu wakapiga vigelegele. Laiti angeishia hapo. Akapaza sauti zaidi: "Na gobori lenyewe tumemzika nalo, limlinde!"

Jirani yetu Eddah alikuwa akirekodi kwa simu, awatumie jamaa zetu walioshindwa kuja. Hakukusudia ubaya. Lakini wiki haikwisha kabla ya ile video kufika kwa watu tusiowajua, na polisi kufika kwetu.

Walimchukua Kai, nami nikawafuata hadi kituoni. Inspekta aliyenipokea alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu zake.

"Dada, nyumba yenu iko chini ya njia ya ndege, na ndugu yako anasema kuna silaha kaburini. Ningefanya nini?"

"Gobori, afande!" nikamwambia. "Hata lingekuwepo, si ni kile kitu cha kushindilia baruti kwa kijiti, cha kufukuzia nguruwe shambani? Litaangusha ndege gani?"

"Risasi moja ikipata tangi la mafuta, ndege inalipuka."

"Umeona wapi?"

"Si iko kwa filamu."

"Na treni?"

"Ukipata gurudumu, inapinduka."

Aliyasema hayo bila kupepesa macho, mtu mzima aliyesoma, ambaye kila siku anatembea na bunduki. Nilitaka kumwambia aende relini na hiyo yake akapige gurudumu, tuone nani atalala ubavu. Lakini ndugu yangu alikuwa mikononi mwake.

Akanieleza kwamba njia ni moja. Kai aandike taarifa kuwa alidanganya, naye ataipeleka kortini jambo liishe. Asipoandika, kesho asubuhi wanakuja na amri ya korti kumfukua baba.

Nikaruhusiwa kumwona Kai. "Andika," nikamwambia.

"Dada, nchi nzima imeiona ile video. Nikisema baba hakuwa na bunduki, atakuwa nani?"

"Atakuwa mtu wa geti. Aliyekulisha kwa geti, akakusomesha kwa geti."

"Hakuna anayempigia vigelegele mtu wa geti."

Hasira zilinipanda hadi meno yakaniuma. "Mama bado yuko mkekani na msiba wake. Unataka aone mumewe akitolewa shimoni?"

"Hawatathubutu," akasema.

Walithubutu. Walikuja asubuhi na wachimbaji na bwana afya mwenye glovu. Baba tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja chetu wenyewe, na ukuta wa jirani ukajaa vichwa. Mama akatoka, akakaa juu ya udongo wa kaburi. Polisi wawili wa kike wakamwinua, mmoja huku na mmoja huku, wakamrudisha ndani.

Hapo ndipo Kai, pingu mikononi, alipopiga kelele. "Nilidanganya, afande! Hakuna bunduki! Baba alikuwa na bendera tu!"

"Ungesema jana," inspekta akamjibu. "Leo ni amri ya korti."

Wakafukua. Niliyoyaona sitayaeleza, hayo nitakwenda nayo kaburini mwenyewe. Walifungua sanduku, wakampapasa baba ndani ya suti yake ya kanisani, wakatafuta chini yake na pembeni yake. Hawakupata kitu. Inspekta akamfungua Kai pingu, akaniambia "pole," neno lile lile analoambiwa mtu aliyejikwaa.

Nilidhani angalau sasa uwongo umekufa. Nikasikia mtu ukutani akisema, "Si niliwaambia? Bunduki za Wagiriama hazifukuliwi. Zikisikia polisi zinageuka maji." Mwenzake akaitikia, "Kweli kabisa," na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Watu wenye kazi zao bandarini na viwandani! Wamemwona mzee wa watu amelala mikono mitupu, na bado wanaitafuta bunduki. Niliwachukia wote, mmoja baada ya mwingine, na sijaacha.

Nikampa Kai sepetu. "Mfukie. Ukimaliza, uwaambie ukweli."

Akaanza kufukia huku analia, machozi na kamasi pamoja. Ni ndugu yangu, nikaanza kumhurumia. Kijana mmoja juu ya ukuta akainua simu yake, akamwita.

"Kaka, ni kweli hilo gobori lilikuwa linaangusha ndege?"

Kai akasimama. Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaitazama ile simu. Nikaona kifua chake kikijaa.

"Ndege mbili," akasema.

Nikamnyang'anya sepetu, nikamfukia baba mimi mwenyewe.