Mkono wa Mkwe

Nabwire alipomwona mwalimu wa mafunzo akiingia karakanani, alivuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni akageukia ukuta. Mwalimu alikuwa Wanjala, mume wa binti yake wa kwanza. Kwao Wasamia, mama mkwe hamtazami mkwewe usoni wala hakai naye karibu, sembuse kumgusa.

Karakana ile, nyuma ya mtaa wa maduka wa Kikuubo, ilishona sare. Wenyewe walikuwa Wahindi. Walipofukuzwa nchini mafundi nao wakaondoka, na mwanajeshi mmoja akakabidhiwa funguo. Cherehani za umeme zikala vumbi mpaka jeshi lilipodai sare zake. Ndipo wanawake waliozoea kufagia na kukunja nguo wakaambiwa wajifunze kushona. Atakayekuwa hajui ifikapo Ijumaa, alisema mwanajeshi, Jumatatu asirudi. Nabwire alikuwa mjane aliyepita hamsini, na wanawe wadogo walikuwa bado shuleni.

Alichagua cherehani ya mwisho kabisa. Wanjala alipowaonyesha wanawake wengine namna ya kupitisha uzi, yeye alitazama sakafu. Wanjala akimsogelea, Nabwire alikwenda msalani. Wanjala naye aliipita cherehani ile kama haina mtu.

Akidi, mwanamke aliyeketi mbele yake, akamgeukia. "Mama, kichwa kimechakaa au unamwogopa kijana wa watu?"

Wakacheka. Nabwire akainamia kitambaa chake. Heri aitwe mjinga kuliko aseme yule ni nani.

Alhamisi alijaribu mwenyewe, kwa kubahatisha yale aliyoyasikia. Akakanyaga pedali kwa nguvu mno. Kitambaa kikakimbia mbele pamoja na vidole vyake, na kabla sindano haijavifikia, mkono ukamdaka ukamvuta nyuma.

Hakuhitaji kutazama ili ajue ni wa nani.

Wanjala alirudi nyuma kama aliyeungua, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nitaleta kuku nyumbani, tusafishwe mwiko huu." Akidi ndipo akaelewa, akaziba mdomo.

Nabwire alitamani ardhi ipasuke. Aliwaza binti yake atakavyosikia, na majirani wa mtaani kwake Nsambya watakavyomsengenya. Kisha akaiwaza Jumatatu. Akafuta machozi kwa pindo la kitambaa, akarudi kitini.

"Kuku utaleta," aliiambia cherehani. "Lakini mkono umeshashikwa, hakuna kilichobaki cha kuficha. Inuka, baba. Nionyeshe pa kukanyaga."

Wanjala akasogea, akaanza kumwelekeza kwa sauti ya chini.

Ijumaa mwanajeshi aliivuta kola aliyoishona Nabwire. Haikufumuka. Akapita bila neno, na Nabwire hakuinua kichwa.

Jumapili kuku alichinjwa Nsambya. Wanjala alikula sebuleni, mama mkwe jikoni, mlango umefungwa kati yao. Jumatatu wakainamia tena cherehani moja, kila mmoja akitazama sindano.