Fisi wa Lamboni

Kwetu ngoma mbili huchezwa siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu. Hakuna jaji. Watu wakikuhama umeshindwa, hata kama umecheza mpaka miguu imevimba. Kundi letu lilihamwa mwaka baada ya mwaka kwa sababu Mabula, kiongozi wa wapinzani wetu, ana chatu. Mtu akicheza na chatu shingoni, nani ataangalia vinyago vyetu vya mbao? Mara ya mwisho tulibaki na mbwa na mama mmoja aliyesinzia. Mdogo wangu Jilala, anayevichonga, akasema mavuno yajayo tukihamwa tena atavifanya kuni, na kundi life. Nikamwambia athubutu aone.

Ndipo chama chetu cha wakulima wa mpunga kikanipeleka Vietnam kujifunza kilimo. Sitawachosha na mbolea. Jioni ya mwisho wenyeji walitupeleka kwenye ukumbi mmoja mjini Hanoi, na pale penye jukwaa nikakuta maji, tena ya tope kama ya lambo tunalonyweshea ng'ombe, na nyuma yake pazia la mianzi. Nikanung'unika kwamba nimetoka Kahama kote kule kuja kutazama lambo.

Ngoma ikalia. Joka la mbao likaibuka kutoka chini, likatema maji mpaka yakanirukia usoni. Wakaja wakulima wa mbao wakipandikiza mpunga, wameinama vilevile tunavyoinama sisi majarubani. Mnyama mmoja mwizi akanyakua bata akakwea naye mtini, mzee akamkimbiza na fimbo. Sikuona kamba, sikuona mkono wa mtu. Nilisahau niko ugenini, nikapiga vigelegele. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, na sikuona aibu hata kidogo.

Mwishoni pazia likafunguka, wakatoka wachezaji wenyewe, maji kiunoni, nguo zinachuruzika, mianzi mirefu mikononi. Kumbe mianzi ilipita chini ya maji, na tope ndilo lililoificha. Kwetu mchezaji huenda na siri yake kaburini. Hawa walituonyesha, wakainama, wakashangiliwa kuliko joka. Nililia, maana nilikuwa namwona Jilala amesimama kati yao.

Niliporudi alinisikiliza kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini asubuhi nilimkuta anachonga.

Siku ya ngoma Mabula alianza kama kawaida yake, na watu wote wakawa kwake. Sisi hatukuingia uwanjani kabisa. Tulipiga ngoma zetu kando, lamboni, mbele ya mikeka ya matete tuliyoisimamisha majini. Waliokuja kwanza walikuja kutucheka. Fisi wa mbao akaibuka na mbuzi mdomoni. Nyuma yake akaibuka bibi wa mbao na mwiko, akamfukuza lambo zima akimcharaza kichwani. Kicheko cha watu nadhani kilifika mpaka Nyasubi mjini. Nilipotazama nyuma, uwanja wa Mabula ulikuwa na vumbi tu.

Mabula mwenyewe akaja, chatu bado shingoni, na watu wakampisha upesi.

"Mbuke," akaniambia kwa sauti ya chini, "hiyo dawa mmepewa na mganga gani?"

Ningenyamaza angetuogopa maisha yake yote, na nakiri nilitamani. Lakini niliwakumbuka wale wa Hanoi. Nikaingia majini na gauni langu la sikukuu, nikaiangusha mikeka. Jilala alikuwa amesimama pale, maji kiunoni, tope mpaka kwenye nyusi, mianzi miwili mikononi, anatetemeka kwa baridi huku anacheka.

"Dawa yenyewe ndiyo huyu," nikasema.

Jilala akainama kama nilivyomfundisha. Vigelegele vilivyopigwa viliwatimua ng'ombe waliokuja kunywa. Mabula naye akapiga makofi, chatu akitikisika mabegani mwake, na hakuna aliyekuwa akimtazama chatu.